Saratani ya Matiti: Usingoje Donge Liume

Miongoni mwa mambo yanayowaponza akina mama wengi katika nchi yetu ni ile imani ya kale kwamba kisichouma si ugonjwa. Mama aliyekesha kwa maumivu ya jino atamtafuta mganga kabla jua halijapanda, na mwenye homa kali atapakiwa kwenye baiskeli usiku wa manane apelekwe zahanati. Lakini yule ambaye siku moja, akiwa anaoga, anakuta kitu kigumu kama mbegu ya ubuyu ndani ya titi lake, kitu kisichomuuma wala kumzuia kwenda shamba au kazini, huyo hujifunga kanga yake akaendelea na shughuli. Atamwambia nani? Na atamwambia nini, iwapo haumwi?

Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Saratani ya matiti katika hatua zake za mwanzo kwa kawaida haiumi. Maumivu ya titi, ambayo huwapata wanawake wengi siku chache kabla ya hedhi, mara nyingi hayana uhusiano wowote na saratani, hali donge ambalo ni la saratani kweli laweza kukaa miezi mingi bila kumsumbua mwenyewe. Likianza kuuma, au ngozi ikachimbika na kutoa majimaji yenye harufu, ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Mama anayengoja maumivu ndipo aende hospitali anangoja dalili ya mwisho akidhani ni ya kwanza.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huzaliana, huchakaa na kufa kwa utaratibu maalumu. Saratani hutokea pale baadhi ya chembe hizo zinapouasi utaratibu huo na kuzaliana ovyo. Katika titi, mara nyingi uasi huo huanzia ndani ya vijifereji vinavyopitisha maziwa. Mwanzoni chembe hizo hukaa mahali pamoja. Zikiachwa hupenya mpaka kwenye tezi za kwapani, na baadaye huweza kusafiri katika damu hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Mtu aweza kuishi bila titi. Kinachoua ni safari hiyo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti duniani kote, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hapa Tanzania ndiyo ya pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi. Shirika hilo linaeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya wanawake 90 kati ya kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Katika Afrika ya Kusini, ambayo ina hospitali nyingi kuliko nchi nyingi za bara letu, idadi hiyo ni 40. Sehemu kubwa ya pengo hilo hutokana na hatua ambayo ugonjwa umefikia siku mgonjwa anapoonana na daktari, na kama matibabu anayoanzishwa anayapata mpaka mwisho.

Utafiti mmoja uliowafuatilia wagonjwa katika nchi tano za Afrika, zikiwemo jirani zetu Uganda na Zambia, ulitoa matokeo yake mwaka 2020. Ulionyesha kuwa miaka mitatu baada ya kugunduliwa, nusu ya wanawake wale walikuwa wamekwisha kufariki. Watafiti walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya vifo vya namna hiyo vingezuilika kwa wagonjwa kuwahi na kwa matibabu kuboreshwa, kwa dawa na ujuzi ambao tayari upo.

MIEZI INAYOPOTEA

Je, miezi hiyo hupotelea wapi? Tumfikirie mama wa miaka 43, mwenye watoto watano, anayeishi mwendo wa saa mbili kutoka zahanati iliyo karibu. Ameligusa donge mwezi wa Januari, wakati wa palizi. Anajiambia kuwa labda ni maziwa yaliyoganda, kwani kitindamimba wake ameachishwa ziwa si zamani. Mwezi wa Machi anamnong'oneza shoga yake, naye shoga ana majani anayoyajua ya kukandia. Wanakanda mpaka Mei. Mume anaelezwa baada ya mavuno, kwa kuwa nauli itatoka mfukoni mwake. Huko zahanati anapewa vidonge vya kuua vijidudu kwa dhana kwamba ni jipu linaloanza, na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zinakwisha, donge liko pale pale, lakini yeye anaona haya kurudi kusumbua watu kwa kitu kisichouma. Mwezi wa Oktoba ngozi ya titi inaanza kujikunja, na sasa ndipo anapelekwa hospitali ya wilaya.

Msomaji atazame mfano huo kwa makini. Mama yule hakufanya uzembe hata siku moja. Kila alichofanya kina maana kwa mtu aliye mahali pake. Wala kosa si lake peke yake. Mhudumu wa zahanati aliyempa vidonge alipaswa kumwandikia barua ya rufaa pale pale, au angalau kuhakikisha kuwa akirudi na donge lile lile hapewi vidonge vingine. Jipu la titi humpata zaidi mama anayenyonyesha, nalo huja na homa, joto na wekundu. Donge gumu, lisilo na joto, kwa mama asiyenyonyesha, si la kutibiwa kwa kubahatisha, na mgonjwa ana haki ya kusema kwa adabu, "Daktari, naomba nipelekwe kupimwa zaidi."

Pamoja na umbali na nauli kuna aibu. Titi katika mila zetu ni kitu cha siri, na mwanamke wa heshima haneni habari zake mbele za watu. Makungwi na masomo, ambao tangu enzi za bibi zetu wamewafundisha wari mambo ya mwili wao kwa ufasaha ambao mwalimu wa shule hawezi kuufikia, hawakurithi somo la donge, kwa kuwa zamani hapakuwa na la kufanya hata likijulikana. Leo lipo la kufanya. Mwandishi wa makala haya haoni kwa nini somo anayemfunza mwali usafi wa mwezini asimwambie pia kwamba titi lina umbile lake la kawaida, na kwamba likibadilika asifiche. Pengine maneno hayo yangesikika kuliko bango la ukutani.

Kisha zipo imani. Ya kwanza ni uchawi na jicho baya, na anayeamini hivyo hupita kwa waganga wa jadi kwanza, akifika hospitali fedha zimekwisha na ugonjwa umekomaa. Ya pili ni kwamba uvimbe ukiguswa kwa kisu hutawanyika. Imani hii ina nguvu kwa sababu watu wameona kwa macho yao: fulani alipasuliwa, na baada ya miezi sita tukamzika. Wasichokiona ni kwamba marehemu alifikishwa kwa mpasuaji wakati chembe za saratani zilikwisha fika mapafuni, na kisu kikabeba lawama ya miezi iliyotangulia. Ya tatu, ambayo hata wasomi wa mjini huirudia, ni kwamba saratani huletwa na kuweka sarafu au simu ndani ya sidiria. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Mama wa sokoni na aendelee kuficha mauzo yake anapoona pana usalama.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya kukatwa titi. Hofu hii nayo ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mpasuaji wa Marekani, William Halsted wa Baltimore, alieneza upasuaji wa kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, na kwa muda wa miaka mingi hiyo ndiyo ikawa njia inayofuatwa ulimwenguni, hata kwa uvimbe mdogo. Mwaka 1985 daktari mwenzake wa Marekani, Bernard Fisher, alitangaza matokeo ya utafiti ulioonyesha kuwa mgonjwa ambaye uvimbe wake ni mdogo, akiondolewa uvimbe tu kisha akapewa mionzi, huishi sawa na yule aliyeondolewa titi lote. Kwa hiyo mama anayechelewa kwa kuogopa kukatwa titi anajisogeza karibu zaidi na lile analolikimbia. Ni kweli kwamba mionzi haipatikani kila mahali. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, na Hospitali ya Bugando ya Mwanza zinatoa matibabu hayo, lakini kwa anayetoka mbali ni safari na ni kukaa ugenini kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana madaktari wetu bado huondoa titi zima kwa wagonjwa wengi, na si vyema kuwaficha wasomaji jambo hilo.

SHANGHAI NA MUMBAI

Kwa miaka mingi akina mama wamefundishwa kujipima matiti kila mwezi kwa hatua maalumu, mkono mmoja kichwani na vidole vya mwingine vikizunguka. Wataalamu walitaka kujua kama mafunzo hayo huokoa maisha. Huko Shanghai, nchini China, kuanzia mwaka 1989 wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kujipima kwa uangalifu, likakumbushwa na kusimamiwa. La pili halikufundishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yaliwashangaza wengi: katika kundi lililofundishwa walikufa wanawake 135 kwa saratani ya matiti, na katika lile lisilofundishwa 131. Waliofundishwa waligundua madonge mengi zaidi, ila mengi ya ziada hayakuwa saratani.

Wapo waliosoma habari hizo wakasema basi kujipapasa hakuna faida. Mimi naona ni kusoma kwa haraka. Wanawake wa Shanghai wa kundi lile jingine nao waligundua madonge yao wenyewe, wakiwa wanaoga au wanavaa, na hospitali zilikuwa karibu nao. Kilichoonekana pale ni kwamba hatua zile za kuhesabu vidole haziongezi kitu. Hazina uzito kama kuujua mwili wako na kwenda kuonekana mara unapoona jambo geni.

Mumbai, nchini India, walijaribu njia nyingine, na nadhani yafaa tuitazame sana sisi wa nchi zisizo na mashine nyingi. Kuanzia mwaka 1998 wanawake 151,538 wa umri wa miaka 35 hadi 64 walishirikishwa. Nusu ya mitaa ilitembelewa na wahudumu wa afya wanawake, si madaktari, waliofunzwa kupapasa matiti kwa mikono na kuwaeleza akina mama dalili, kila baada ya miaka miwili. Matokeo ya miaka 20 yalitangazwa mwaka 2021. Katika mitaa iliyotembelewa wagonjwa waliokutwa katika hatua ya tatu au ya nne walikuwa 37 kati ya kila 100. Katika mitaa mingine walikuwa 47. Kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo hapakuonekana nafuu ya vifo, na hilo lisisahauliwe, kwani katika Afrika wagonjwa wengi ni wa umri mdogo kuliko wa Ulaya. Hata hivyo, mikono iliyofunzwa ya muuguzi ni kitu ambacho zahanati yetu yaweza kuwa nacho.

Mashine ya kupiga picha ya matiti, iitwayo mamografia, huona uvimbe kabla haujaweza kugusika, na katika nchi zenye uwezo wanawake huitwa kupimwa kwa zamu; Marekani, mathalani, tangu mwaka 2024 mwongozo wao unataka kila mwanamke wa miaka 40 hadi 74 apimwe kila baada ya miaka miwili. Kwetu mashine hizo zipo katika hospitali kubwa, hazitoshi kuwaita akina mama wote. Aidha titi la mwanamke kijana lina nyama nzito ambayo picha hiyo haipenyi vizuri, na kwake ultrasaundi hufaa zaidi.

Basi mama atazame nini? Donge jipya kwenye titi au kwapani, hasa gumu na lisilosogea sana likisukumwa. Titi moja kubadilika ukubwa au umbo, maana kutolingana kidogo tangu ujana ni kawaida. Ngozi kuingia ndani kama kishimo, au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa imesimama kuanza kurudi ndani, kutoa damu au majimaji bila kukamuliwa, au kuota kigaga kama cha ukurutu kisichopona. Titi zima kuwa jekundu na kuvimba kwa mama asiyenyonyesha. Siku nzuri za kujitazama ni zile zinazofuata hedhi, wakati matiti yamelegea. Aliyekoma hedhi achague siku yoyote. Madonge mengi, hasa ya wasichana, si saratani, lakini hakuna awezaye kujua kwa kugusa tu.

KUJIKINGA

Kuhusu kinga yafaa kusema ukweli mapema. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote inayofahamika zaidi ya kuwa ni wanawake na umri wao umesogea. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumuuliza mgonjwa alifanya kosa gani.

Yapo hata hivyo mambo yanayopunguza hatari. Kunyonyesha ni mojawapo: uchunguzi uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, na kuchapishwa mwaka 2002, uligundua kuwa kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha katika maisha yake hupunguza hatari kwa asilimia 4.3. Jambo hilo bibi zetu walilitenda bila kuhesabu. Pombe huongeza hatari, hata kidogo chake, na mwili hautofautishi bia ya chupa na mbege au ulanzi. Unene baada ya kukoma hedhi huongeza pia, kwa kuwa mafuta ya mwilini hutengeneza homoni ya estrojeni inayolisha baadhi ya saratani hizi. Anayelima kwa jembe hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Anayekaa ofisini mchana kutwa kisha akapanda gari hadi mlangoni anahitaji kuambiwa. Vidonge vya majira, ambavyo akina mama huulizia mara kwa mara, huongeza hatari kwa kiasi kidogo wakati vinapotumiwa, na hatari hiyo hupungua baada ya kuviacha. Mwenye wasiwasi azungumze na muuguzi wa uzazi wa mpango kabla ya kuvitupa jalalani.

Ukoo nao huhesabiwa. Mwenye mama, dada au binti aliyeugua, hasa katika umri mdogo, aseme hivyo anapofika kliniki, na asisahau upande wa baba. Jeni mbili zinazorithishwa, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, hupitia kwa wanaume vile vile. Hata baba mwenyewe aweza kuugua. Kati ya kila wagonjwa 100 au 200 mmoja ni mwanamume, naye huchelewa kuliko mwanamke kwa sababu hajawahi kusikia kuwa ana titi.

Mama akifika hospitali atapitia mambo matatu: atapapaswa, atapigwa picha, na atachukuliwa kinyama kidogo kwa sindano ili kikapimwe maabara. Bila kinyama hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kuwa ni saratani au siyo, na kuchomwa sindano hiyo hakusambazi ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linataka kazi hiyo ikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Kwetu ndipo wengi wanapopotea, kati ya sindano na majibu. Wanaambiwa majibu bado, nauli ya kurudi inakosekana, mvua zinaanza. Kabla ya kuondoka aulize majibu yatatoka tarehe ipi, nani wa kupigiwa simu, na tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Kama ana mume, ndugu au mtoto mkubwa, aje naye siku ya majibu, kwa kuwa mtu aliyeambiwa habari hizo peke yake husikia neno moja na yaliyobaki yakampita.

Jambo la kuuliza siku hiyo ni kama kinyama kimepimwa homoni. Saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni, na kwa hizo ipo dawa ya vidonge, tamoksifeni, ambayo imetumika tangu miaka ya 1970. Humezwa kila siku kwa muda wa miaka mitano au zaidi. Wako wanaoiacha mwaka wa pili kwa kuwa wanajiona wazima, donge limeondolewa, na safari ya kuifuata dawa ni ndefu. Daktari akisema miaka mitano, ni miaka mitano, na mwenye kumkumbusha mgonjwa kila jioni aweza kuwa yeyote wa nyumbani anayejua kusoma saa.